Marekebisho ya Somo la Tatu: Tiara Inapoanguka

Mwanangu Nasra,

Salamu zangu unazo tangu asubuhi, uliponiletea chai ukasimama mlangoni kuhakikisha naimaliza, kwa hiyo sizirudii. Wala sitakuandikia habari za soksi nzito, wala hati ya safari iwekwe mfuko gani. Hayo shangazi yako Zuhura ameshayasema tangu juzi na bado anayasema. Namsikia huko jikoni anamwambia hata paka. Mimi nina jambo moja, na nimelichelewesha mno.

Nilikusudia barua hii itiwe chini ya nguo zako, uikute ukishafika Uholanzi. Nilimwomba Zuhura anitilie. Aliacha kukunja kanga, akanitazama.

"Kaka, unataka mtoto aisome peke yake ugenini, akilia asiwe na wa kumshika bega?"

"Nataka aisome akiwa mbali, asije akaghairi."

"Unataka aisome akiwa mbali asije akakuuliza kitu. Sema hivyo tu, nikuelewe."

Unamjua shangazi yako. Basi utapewa mkononi leo, ukishasali isha, na mimi nitakuwa humu chumbani, mlango wazi.

Nianze na lenyewe. Mimi sikuteleza kwenye ngazi zetu. Ile Ijumaa uliyoosha ngazi ukaenda sokoni Darajani, ukarudi ukanikuta nimekaa kwenye kipandio cha chini na maji hayajakauka, nyonga yangu ilikuwa imeshavunjika tangu Maisara. Nilianguka uwanjani, nikirusha tiara yako, bila ya ruhusa yako, nikirudi nyuma kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto. Maji yako hayakufanya kitu. Wewe hukufanya kitu.

Ukitaka, soma tena maneno hayo kabla hujaendelea. Mimi niko hapa.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu kusema ukweli nusu ndiko kulikonifikisha hapa.

Unakumbuka siku ulipokuja nayo ile tiara? Mgeni mmoja wa nyumba ya wageni ulimokuwa ukifanya kazi aliiacha chumbani, kijiti kimoja kimevunjika, na wenzako wakataka kuitupa. Uliipandisha juu ukaitandaza ukumbini, mabawa yake yakajaa kutoka ukuta mpaka ukuta. Nilicheka. Nilikwambia hiyo si tiara, hiyo ni hema. Mimi nilikulia juu ya mapaa ya mji huu na tiara zetu za karatasi, vijiti vya chelewa kutoka kwenye fagio la mama, gundi ya unga wa muhogo, na uzi mmoja. Mmoja, Nasra. Wewe umekuja na yenye nyuzi mbili na vitanzi viwili vya kushika mikononi, ati mtu avute kulia igeuke kulia, avute kushoto igeuke kushoto, kama farasi.

Ndani ya mfuko wake mlikuwa na karatasi ya maelekezo. Lugha yake hatukuijua, si mimi wala wewe, zikabaki picha: mtu asiye na uso, na mishale. Tulibishana mpaka chai ikapoa, mimi nikisema mshale ule ni upepo, wewe ukisema ni mkono. Kumbe ulikuwa mkono. Baadaye ukaanza kutazama video kwenye simu. Mzungu anazungumza mbio kama anakimbizwa, na kabla hajafika pa maana bando linakwisha. Ulikuwa ukitazama kidogo, unatia simu mfukoni, unajaribu, unaanguka, unaitoa simu tena. Hivyo ndivyo ulivyojifunza, kipande kwa kipande, pale Maisara, na watoto wa mtaa wamekuzunguka wakikushangilia kila tiara ilipojikita chini.

Kijiti kilichovunjika alikitengeneza rafiki yangu Bwana Masoud, na watoto walipotaka tiara zao, yeye ndiye aliyetoa vitambaa vya miavuli mibovu kutoka dukani kwake Mlandege, na mshipi wa kuvulia ule mwembamba wa kusuka. Ukawashonea. Kisha ukaja kukaa pembeni ya kitanda changu.

"Baba, watoto hawa hawana pa kujifunzia. Kitabu hakuna, video zote Kiingereza. Mimi nikiwaeleza nachanganya. Wewe sauti unayo na kufundisha unajua. Tuwatengenezee masomo."

Hujui ulinifanyia nini siku ile. Mwalimu akishastaafu watu wanaendelea kumwita Mwalimu, lakini hakuna anayemuuliza kitu. Nilikuwa mtu wa kukaa barazani kungoja wapita njia. Ghafla nikawa na darasa. Tukawa tunarikodi kwenye simu yako, dirisha limefungwa ili honi za vespa zisiingie, nawe umeniwekea mto mgongoni.

Somo la Kwanza, kuujua upepo: chukua majani makavu, yaachie, tazama yanakwenda wapi, kisha uupe upepo mgongo. Somo la Pili, kupima nyuzi: zifunge zote mbili kwenye msumari mmoja, zivute, zilingane, kwa sababu uzi mmoja ukizidi hata kwa upana wa kidole tiara itazunguka tu kama mtu aliyepotewa na kibla. Masomo hayo mawili yalikuwa mazuri na mpaka leo ni mazuri. Uliniambia mambo yake, mimi nikayapanga.

Somo la Tatu sikukuuliza. Hilo nililitunga mwenyewe.

Juu ya mapaa yetu, tiara ya uzi mmoja ikilegea, unafanya jambo moja tu: unavuta na kurudi nyuma, unavuta na kurudi nyuma, mpaka ukuta wa paa ukuzuie. Ndivyo inavyoshika upepo tena. Mikono yangu ililijua hilo kabla sijajua kusoma. Basi nikalichukua, nikalivisha fizikia ya kidato cha nne, nikasema kwa sauti yangu ile ya darasani: "Tiara inapoelekeza pua chini, nyuzi zimepoteza mkazo. Rudisheni mkazo. Rudini nyuma, vuteni mikono yote miwili kifuani." Yalipendeza masikioni. Yalikuwa makosa matupu. Tiara yako inakwenda popote pua yake ilipoelekea. Ukiivuta pua ikiwa chini, unaiharakisha kwenda chini.

Wewe ulilijua hilo kwa miguu yako. Siku ulipokuja na watoto ukumbini na tiara mbili zilizovunjika ulijaribu kuniambia kwa adabu.

"Baba, lile la tatu, naona tuliangalie tena. Ikianguka mtu aende mbele. Aipe mikono, nyuzi zilegee, ishuke polepole."

"Aende mbele? Aikimbilie tiara inayomjia?"

"Naam, baba. Mimi ndivyo nifanyavyo."

Mwanajuma, yule mtoto wa jirani asiyeweza kunyamaza, akadakia: "Mwalimu, la kurudi nyuma sisi tunaliita somo la kuchimba mihogo!"

Watoto wakacheka. Na mimi, badala ya kucheka nao, nikakugeukia wewe. Nilikuuliza mbele yao nani mwalimu katika nyumba hii. Nilikuuliza umesoma fizikia mpaka wapi. Nilijua fika umesoma mpaka wapi, na nilijua kwa nini uliacha skuli: mama yako alikuwa mgonjwa na wewe ndiye uliyekuwa ukimwogesha. Uliviringisha nyuzi zako taratibu, mkono kwa mkono, ukatia tiara mfukoni. Kisha ukaniuliza kama nnataka chai.

Nimewasomesha watoto wa watu maisha yangu yote, na kila mwaka niliwaambia wasiogope kukosea. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiogopa kuliko wao wote.

Kwa hiyo ile Ijumaa nilikwenda Maisara kukuonyesha kuwa nilikuwa sawa. Ndiyo hivyo, hakuna sababu nyingine nzuri zaidi ninayoweza kukupa. Baada ya sala ya alfajiri nilimwambia Masoud anipitie kwa gari. Wewe ulikuwa bado unapumzika. Tiara niliitoa msumarini mwenyewe.

"Mwalimu," Masoud akaniambia tukiwa njiani, "wenzako umri huu wanashika tasbihi, we washika nyuzi?"

"Tasbihi nimeshaishika, ipo mfukoni. Endesha."

Nasra, iliruka. Nataka ulijue na hili. Masoud aliishika wima, nikaupa upepo mgongo kama Somo la Kwanza linavyosema, nikapiga hatua, na ikapanda. Kitambaa kikavuma, ule uvumaji uliokuwa ukinihadithia wewe, na mimi nikidhani unatia chumvi. Nikavuta kushoto kidogo, ikaja kushoto. Nikavuta kulia, ikanisikia. Masoud alikuwa akipiga makofi peke yake uwanja mzima. Kwa muda ule nilielewa kwa nini ulikuwa ukirudi nyumbani umeungua jua na huna habari ya kula.

Kisha nikavuta kushoto zaidi ya kiasi, ikapinduka, pua ikatazama chini. Unajua nilisikia nini? Nilisikia sauti yangu mwenyewe, ile ya kwenye simu. Rudini nyuma. Nikarudi nyuma, nikavuta mikono kifuani. Ikaja kwa kasi zaidi. Nikarudi tena. Nyuma yangu palikuwa na jiwe ambalo watoto wa mpira hulifanya goli.

Masoud alikuja mbio. "Mwalimu! Umevunjika?"

"Tiara je?"

"Tiara nzima! Nakuuliza wewe!"

Gari haiingii kichochoroni kwetu, unajua. Alinibeba nusu, nikakanyaga nusu, mpaka mlangoni. Ngazi zilikuwa mbichi, zinanukia sabuni. Akanikalisha kipandio cha chini, akaweka tiara nyuma ya mlango, akatoka kutafuta watu wa kunipandisha. Alipotoka tu, ukaingia wewe na kikapu.

Uliyosema nayakumbuka neno kwa neno, na wewe najua unayakumbuka. "Maji! Sikuyakausha maji!" Ulikiachia kikapu, nyanya zikabiringika mpaka kizingitini. "Nimemvunja baba yangu. Ya Rabi, nimemvunja baba yangu kwa mkono wangu."

Nilifungua mdomo. Nafasi nilikuwa nayo, na pumzi nilikuwa nayo. Nikasema, "Usilie." Basi, hilo tu. Masoud akarudi na wanaume wawili, akakusikia unavyojilaumu, akanitazama. Nikatazama chini. Tangu siku hiyo akija kunijulia hali anaishia barazani, anapiga kelele kutoka huko, anasema magoti hayamruhusu kupanda. Magoti yake hayana kitu, mwanangu. Anaona haya kukutazama usoni.

Mwanzo nilinyamaza kwa aibu ya kuangushwa na somo langu mwenyewe. Nikajiambia nitakueleza nikitoka hospitali. Nilipotoka nikakuta umetandika magunia kwenye kila kipandio na umeyapigilia misumari. Ukaacha kuosha ngazi kwa ndoo. Ukawa unazifuta kwa kitambaa kilichokamuliwa, umepiga magoti, unashuka kipandio baada ya kipandio, kisha unapanda tena na kitambaa kikavu. Nilikuwa nakusikia kutoka kitandani. Kila ukishuka nilisema, leo nitamwambia. Ukishamaliza kupanda, nilikuwa nimeshapata sababu ya kungoja kesho.

Halafu akaja yule bibi wa Kiholanzi. Alikuona Jambiani, kwao marehemu mama yako, likizo ile uliyowafundisha watoto wa pwani. Wewe mwenyewe ulinihadithia kuwa kina mama wa mwani walisimama na vifurushi vyao kichwani wakasahau kuvitua. Bibi yule ana karakana ya kushonea tiara huko kwao na anafundisha wanaoanza, akakuambia uende ujifunze kuzitengeneza na kuzifundisha. Nilidhani utaruka kwa furaha. Jioni moja nilikusikia ngazini unazungumza naye kwa simu, kwa kile Kiingereza chako cha video.

Ulimwambia huwezi. Ulimwambia, baba yangu siwezi kumwacha, nilimwangusha mimi.

Na sasa nakuja kwenye neno ambalo kalamu haitaki kuliandika. Nilifurahi, Nasra. Nilikuwa nimelala hapa, nikalisikia hilo, na moyo ukatulia kama mtu aliyeambiwa mvua imepita. Nilijua nitaendelea kuletewa chai na wewe. Tangu hapo aibu haikuwa tena sababu ya kunyamaza. Nilinyamaza kwa kuwa uwongo ule ulikuwa ukikuweka nyumbani.

Nimekaa sana nikijitafuta, nione mtu huyu alitoka wapi. Nikamkuta mbali. Mama yako alipozidiwa aliniomba nimpeleke Jambiani, kwa ndugu zake, akalale kwenye upepo. Nikasema hapana, mjini kuna madaktari. Daktari mwenyewe alikuwa ameshaniambia twende tu tukapumzike. Nilimvuta akae nami humu, akaondoka duniani akitazama ukuta wa jirani kupitia dirisha hili. Wewe ulikuwepo. Hukunilaumu, na mimi nikachukulia kuwa hakuna la kulaumiwa. Nikiogopa, mimi huvuta. Ndiyo tabia yangu, na nilikuwa nayo tangu juu ya mapaa.

Umeitikia mwito wa pili wa yule bibi, alhamdulillahi, lakini najua umeitikia nusu. Juzi nimekusikia unamwambia Zuhura, "Nnakwenda, lakini nikipigiwa simu tu narudi. Deni la baba liko shingoni mwangu." Hilo neno deni ndilo lililoninyanyua kitandani. Huna deni. Nimekuandikia yote haya ili deni hilo ulivue leo, hapahapa ndani, kabla hujavaa viatu.

Liko na la pili, na hili Zuhura ameapa kuwa nisipoliandika mimi atalisema yeye. Moyo wangu umechoka zaidi ya ulivyoambiwa. Daktari amenishauri nisipange mambo ya mbali. Huu si ugonjwa wa nyonga wala wa Maisara. Baba yangu alikuwa na moyo wa namna hii, na babu yangu pia. Usije ukautafutia maji ya ngazi na huu.

Nakwambia ili uamue ukiwa unajua. Nilishakuamulia mara moja kwa kukuficha, sitaki kukuamulia mara ya pili. Ukiamua kubaki, baki kwa kuwa umependa kukaa na mzee wako, nami nitashukuru. Lakini ukiniuliza moyo wangu unatamani nini, unatamani uende.

Huko watakupa kila kitu ambacho sisi hatukuwa nacho: vitabu vyenye picha zinazoeleweka, video zisizokatika, walimu walioshika nyuzi tangu utotoni. Jifunze kwao bila ya haya. Ukikuta jambo wanalosema halilingani na miguu yako, sema, na usingojee waliopo waondoke. Nilikufundisha mimi kunyamaza. Sahau somo hilo pamoja na lile la tatu. Na utakaporudi kufundisha hapa, atakuwepo mtoto mmoja mwenye mdomo kama wa Mwanajuma. Mkalishe mbele.

Kuna jambo moja ulinionyesha ambalo nalipenda kuliko yote. Ulikuwa umeizungusha tiara angani, nyuzi zikajisokota moja juu ya nyingine, nikakupigia kelele uishushe kabla haijapotea. Ukacheka. "Bado inasikia, baba, tazama." Ukavuta kulia, ikaenda kulia, na nyuzi zimejisokota vilevile. Nimeishika picha hiyo kwa ajili yetu mimi na wewe. Utakayoyasoma humu yatatusokota. Ukinikasirikia, kasirika, ni haki yako na nimeichuma mwenyewe. Natumaini tu kwamba nikikuita bado utasikia, na ukiniita nitasikia.

Leo baada ya asri nimerikodi upya. Zuhura amenishikia simu, akafunga dirisha. Nimesema: "Wanafunzi wangu, haya ni marekebisho ya Somo la Tatu. Lile la mwanzo lilikuwa la makosa, na makosa ni yangu. Tiara inapoanguka, nendeni mbele. Nyoosheni mikono, nyuzi zilegee, itashuka kama kanga iliyodondoka kambani. Hili ni somo la dada yenu Nasra. Mimi nimelisoma tu." Nimelituma kwenye kundi lenu.

Mwanajuma ndiye wa mwanzo kujibu. "Kwa hiyo Mwalimu tusichimbe mihogo tena?"

Nikamjibu msichimbe.

Akaandika: "Mbona sisi tushaacha zamani. Dada Nasra alitufundisha, akatuambia tusikwambie, utaona vibaya."

Nimecheka mpaka Zuhura akaja kuniangalia. Kisha sikucheka tena. Kumbe muda wote huo mlikuwa mkinibeba, wewe na kundi zima la watoto, na mimi nimekaa juu ya mabega yenu nikijiona mrefu.

Najua unavyofikiri, nimekuzaa. Utasema: baba, somo lenyewe si linasema ikianguka mtu aende mbele? Basi wewe unaanguka, na mimi nije kwako. Hapana, mwanangu. Rudi kwenye somo letu la mwisho, la kutua, ambalo ulilisema wewe na mimi nikalirikodi bila ya kubadilisha neno. Uliniambia tiara inayotaka kutua hupelekwa pembeni, kule upepo unakokwisha nguvu, inakaa pale juu kidogo, inatikisika, kisha inashuka yenyewe na kusimama juu ya mabawa yake. Na mwenye kuirusha hafanyi kitu. Anasimama alipo, anazishika nyuzi bila ya kuvuta, anatazama. Nilikuuliza, hata hatua moja hapigi? Ukasema, hata moja, ukiikimbilia unaiharibu.

Ile ya Maisara ilikuwa kuanguka, na hii ya sasa ni kutua. Nakuomba usinikimbilie. Sisi hatuiweki maiti kumngojea mtu anayekuja kwa ndege. Wakati utakapopata habari, Zuhura na watu wa msikitini watakuwa wameshanifikisha kaburini. Simama ulipo, uniombee dua, kisha siku hiyohiyo au ya pili yake, upepo ukiwa mzuri, toka ukarushe. Ikipinduka pua chini unajua la kufanya.

Magunia ya ngazini nimemwambia Zuhura ayang'oe leo, utasikia tofauti ukishuka. Misumari mingine imekataa, angalia vidole.

Barua imekwisha na mkono umechoka. Sikufunga mlango. Ukitaka kuja kunigombeza njoo, nitakaa nikusikilize mpaka umalize, na sitakuuliza umesoma mpaka wapi. Masoud nimempigia, nimemwambia leo unaambiwa kila kitu. Akasema, "Basi kesho nakuja na gari baada ya alfajiri, na nitapanda mpaka juu kulichukua begi lake."

Baba yako